Kanyere Mariette, Aliyesikia Majina Yasiyotajwa (1958–2025)

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda nasi hadi hapa Musienene, tunawaomba masikio yenu, kwa maana tunamzika mtu aliyeyatumia yake kwa namna ambayo hadi leo inatushangaza.

Marehemu Kanyere Mariette alizaliwa hapa Musienene tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya wakulima wa maharagwe na viazi, watu wa kanisa. Kwa wageni wetu tueleze kidogo: kwetu Wanande jina hutaja zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza huitwa Kanyere, wa pili Kavira. Mvulana wa kwanza ni Nzanzu, halafu Kambale, Kasereka, Kakule. Mtu akitaja ndugu zake, unajua nani hajatajwa. Jambo hili tunalijua sote tangu utotoni, ila yeye ndiye aliyeligeuza kuwa kazi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Baba yao aliona msichana mmoja shuleni anatosha, na Kavira, mdogo wake, akabaki nyumbani kubeba watoto wachanga na kuchambua maharagwe. Miaka yote sita mwalimu aliita majina kila asubuhi, Kanyere akaitika, na hakuna aliyeuliza Kavira yuko wapi. Hilo lilimuuma kuliko fimbo. Jioni alimfundisha Kavira herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na mama yao akawagombeza wote wawili kwa kuchafua ukuta. Diploma yake aliipata Butembo mwaka 1977.

Alifundisha Beni hadi mwaka 1990, alipoteuliwa kuwa conseillère wa shule za kanisa, yaani mtu wa kuzunguka vijijini kuona shule zinakosa nini na zina nini. Wengine walihesabu madawati na mabati, wakarudi mjini. Yeye alisimama mlangoni, akawaomba watoto wajitaje nyumba kwa nyumba, akasikiliza amefumba macho.

Mwaka 1997, katika kijiji kimoja huku juu, director wa shule alimhakikishia: "Mama Conseillère, batoto bote boko hapa. Hakuna mwenye alibakia." Watoto wa nyumba moja wakajitaja: Nzanzu, Kambale, Kakule. Marehemu akafumbua macho.

"Na Kasereka yenu?"

Kambale ndiye aliyejibu: "Iko nachunga mbuzi. Hasikiake."

"Njo vile, Mama," director akasema. "Ni kiziwi. Tutamufundisha namna gani?"

Marehemu akamgeukia Kambale. "Wakati ya kula, munamwitaka namna gani?"

Kambale akaonyesha kwa mikono. Akamwuliza mvua, chumvi, kanisa, askari, kesho, na mikono ya mtoto ikajibu yote. Nzanzu na Kakule walikuwa wakicheka, kwa sababu waliona majibu kabla yake. Ndipo akasema kwa upole, "Director, mwalimu mwenye unatafuta, njo huyu. Ikala kwa banc." Mkubwa wa shule akaketi kwenye benchi la wanafunzi wake, na Kambale, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akasimama ubaoni kumfundisha. Baada ya Pasaka Kasereka akaingia darasani. Leo ni seremala kule Vulamba. Yuko hapa, na maneno haya anayapata kutoka mikononi mwa nduguye Kambale, aliyesimama kando ya kaburi. Mtazameni. Nyumba nzima ilikuwa na lugha ile, kijiji kilipita mbele yake kila siku, na hakuna aliyejua kwamba ni mali.

Vijiji vilipoanza kukimbilia Beni kwa sababu ya mauaji, marehemu alikutana na mapengo ya aina nyingine. Siku moja alimwuliza mtoto, mbele ya wenzake, habari za ndugu ambaye hakutajwa. Mtoto akatazama chini. Tangu hapo aliuliza pembeni, amepiga magoti, na mara nyingine alirudi nyumbani bila kutaka chakula. Lakini hakuacha kuuliza, hadi alipostaafu mwaka 2019.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Muyisa Luc, wakala wa forodha huko Kasindi. Mumewe alimtania kwamba kumpeleka harusini ni taabu, maana kabla ya kugusa sahani alikuwa tayari ameuliza mtoto wa tatu wa wenyeji yuko wapi. Walipendana sana, na sisi tuliwaonea wivu.

Kuanzia mwaka 2020 kisukari kilimnyang'anya macho polepole. Masikio yalibaki. Kavira alihamia kwake, akamsomea Zaburi kila asubuhi, na akikosea, mgonjwa alisema kitandani, "Unaruka neno. Rudilia." Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, hospitalini Butembo, Kavira aliruka mstari mzima na hakuna aliyemsahihisha. Akainua macho, akaelewa. Akarudi kwenye mstari ule, akausoma, akaimaliza Zaburi yote.

Marehemu ameacha mume wake, Muyisa Luc, watoto wake, Éliakim na Bénite, wajukuu watano, Kasereka, na wengine wengi walioingia shuleni kwa kuwa mtu aliuliza wako wapi, na mdogo wake, Kavira Joyeuse, ambaye hakuwahi kuketi kwenye benchi la shule, na ndiye anayewasomea maneno haya.

Yaya, dada yangu mkubwa, nimefika mwisho. Sikuruka hata neno moja. Sasa pumzika kwa amani.