Mzee Harithi Amestaafu Akiwa Kwenye Usukani

Baada ya miaka thelathini na mbili ya kuendesha gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, Mzee Harithi Namkuta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anastaafu akiwa dereva. Tunalisema hilo kwa sauti kubwa, maana nusura amalizie kazi getini kama mlinzi.

Hakuna njia kati ya Mnero na Likunja asiyoijua, wala nyumba iliyowahi kumwacha apite bila kumkaribisha chakula. Na Mzee hakatai mwaliko! Ugali wa Naipingo na wali wa Ruangwa vyote vilimkaa kiunoni, hadi mwaka juzi presha ikapanda. Daktari akamwambia wazi kwamba asipopungua, atakabidhi funguo za gari. Ilimuuma sana. Wiki nzima hakututania.

Ndipo Muuguzi Gaudensia alipompangia kula kwa pointi. Kila asubuhi Mzee alijaza korosho za maganda kwenye mfuko wa kulia wa suruali, kila moja pointi. Akila chapati, korosho tatu zinahamia mfuko wa kushoto, akinywa soda, nne, mchicha bure. Mfuko wa kulia ukiisha, basi, hakuna kula tena mpaka kesho.

Alifuata kwa uaminifu, tena mbele yetu. Lakini mizani, wapi! Ilizidi kupanda. Gaudensia alikaribia kukata tamaa, hadi Bi Rukaiya, mke wa Mzee, alipokuja kliniki akamsifu mumewe kwamba siku hizi hatupi kitu: kila jioni anazichoma korosho za mfuko wa kushoto na kuzitafuna kwa chai. Lo! Mzee alijitetea kwamba hizo zilishahesabiwa, na mtu wa kwetu atatupaje korosho? Tulicheka mpaka wagonjwa wakacheka.

Kesho yake Gaudensia akampa kokoto. Hapo ndipo mkanda ulipoanza kulegea. Mwezi Machi daktari alimpima presha, akarudia kupima, kisha akamwambia aendelee na gari lake hadi siku ya mwisho. Mzee alizunguka uwanja mzima akipiga honi.

Asante, Mzee, kwa kila mgonjwa uliyemfikisha. Leo funguo umezikabidhi kwa mkono wako, siku yako ilipotimia, na hakuna aliyekunyang'anya. Mungu akupe umri na afya, wewe na Bi Rukaiya. Zawadi yetu ni kopo la korosho zilizobanguliwa. Kula kwa raha, Mzee, ila hizi zina pointi.