Mkono wa Koleo

TANGAZO NAMBA 4: UTARATIBU WA KUINUA NA KUSHUSHA MABIRIKA YA MOTO KATIKA VITUO VISIVYO RASMI VYA KAHAWA. Lilipigwa muhuri mara mbili ili lisipingwe, likagongelewa msumari kwenye nguzo ya stima nyuma ya benchi la Peres, mama muuza kahawa, pale Waithaka. Aya ya pili iliagiza kitambaa kikavu. Kisilu alilisoma lote huku amelikumbatia birika la Peres kwa viganja vitupu, limetoka motoni sasa hivi. Kazi yake ilikuwa kubabua vichwa vya mbuzi kichinjioni Dagoretti, na kijiweni walimwita Koleo, maana kaa likianguka, yeye ndiye aliyeliokota kwa vidole. Jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

— Hiyo sheria ni yako, Koleo, alisema Oduor, tarishi wa ofisi moja mjini, ambaye kwa kupeleka barua asizozifungua alijua yaliyomo yote. — Afisa alikuona, akaona wivu.

— Ni mafuta, alisema Macharia. Aliwahi kugombea udiwani, akapata kura ambazo hapendi zitajwe. Hapa kijiweni wanamwita Diwani. — Miaka kumi na mbili ya mafuta ya mbuzi. Mkono imekuwa kiatu.

— Mafuta si inashika moto? alisema Oduor. — Huyu ni damu. Watu wa Kitui jua iliwapika wakiwa watoto.

— Na ndugu yake, mbona analia akishika chai?

— Ndugu yake alizaliwa mvua ikinyesha.

Diwani aliwaza kidogo.

— Nasikia ng'ambo wanatafuta ngozi kama hii. Wafunikie roketi.

— Wachukue mkono moja, alisema Koleo. — Hii ingine niachiwe ya mswaki.

Walicheka wote, isipokuwa Valarie, mpwa wa Peres, muuguzi wa zahanati moja Muthangari, aliyekuwa amemletea shangazi yake dawa za presha.

— Kaka, mkono yako inavuja.

Koleo alitazama. Lengelenge lilikuwa limepasuka kiganjani, maji yakitiririka mpaka kwenye kifundo. Aliugeuza mkono kama wa mtu mwingine. Valarie akamkunjia mkono wa shati. Juu ya kifundo palikuwa na baka lililofifia, upana wa mandazi, lisilo na unywele hata mmoja. Akachomoa unyasi kwenye ufagio wa Peres.

— Funga macho. Nikikugusa, sema.

Koleo akafumba. Akangoja.

— Anza basi.

— Nimegusa mara sita.

Koleo akafumbua macho.

— Ni nini hiyo? aliuliza Peres.

— Apimwe kwanza. Lakini nashuku ukoma.

Diwani alijikuta ameteleza hadi mwisho wa benchi.

— Si hiyo iliisha kwa Biblia? aliuliza Oduor.

— Haikuisha. Mdudu akiingia, askari wa mwili wanammeza. Kwa watu wengi anafia humo. Kwa wengine hafi, anazaana ndani ya askari. Na kwa wengine, askari wanamfuata kwa neva, zile nyaya za kusikia maumivu, wanapigana naye hapo mpaka waya inaharibika.

— Kwa hivyo mdudu amekula waya, alisema Oduor.

— Mtu wa baka moja hivi, uharibifu mwingi ni ya askari.

— Yaani ni watu wangu, alisema Koleo.

— Ni watu wako.

Koleo alihisi baridi mwili mzima, isipokuwa mkononi.

— Dawa iko, ya bure, inaponya. Ukianza kumeza huambukizi mtu. Waya yenye imekufa ndiyo ngumu kurudi. Kwa hivyo niambie: uliwacha kusikia lini?

Koleo alimtazama Oduor, Oduor akamtazama Diwani. Waliikumbuka siku ya kaa la kwanza. Walipiga makofi, Peres akatoa kahawa ya bure. Kama alikuwa anasikia siku hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Kisilu alipanga foleni zahanati, Diwani akiwa amekaa kando yake, na birika Peres aliliinua kwa kitambaa kikavu.