Anayeshika Kamba

Basi lilikuwa limejaa, mke akapata kiti nyuma ya mumewe, mkata matawi, aliyepakata msumeno mpya wa injini kama mtoto mchanga. Mzee aliyekaa kando ya mume akamuuliza, "Kijana, wa mkono umeutupa?"

"Wa mkono, mzee? Nimalize mti mmoja wajukuu wangu wameshaoa?"

"Unachosha, sikatai, lakini masikio yako yanabaki yako. Mdogo wangu alinishikia chini kamba ya kuvutia tawi, ikamnasa mguu, akaniita nisubiri. Mimi huko juu nasikia injini tu. Tawi likamshukia, tukamzika."

"Pole, mzee. Hiyo ni ajali tu."

"Na wewe, kamba chini anakushikia nani?"

"Mke wangu, huyo nyuma yetu."

Mzee hakugeuka. Mke alikitazama kisogo cha mumewe, akingoja kiseme neno. Basi likasimama. "Haya, mama, tushuke," mume akasema, "kazi inatungoja."