Amekuja Kusaidiwa

Ndugu waombolezaji, wachungaji, majirani na jamaa wote mliofika, familia imemteua binti wa kwanza wa marehemu kuisoma historia hii, naye anawaomba radhi mapema, kwa sababu karatasi imefutwafutwa, na mpaka anasimama hapa hajajua kama anachosoma ni sifa za baba yake au ni kuungama kwake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1950, mtoto wa tatu wa mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ya walimu iliyopakana na uwanja wa mpira, akasoma shule ya hapo hapo hadi mwaka 1965, akahitimu useremala chuo cha ufundi Novemba 1969, na kwa miaka kumi na sita akatengeneza madawati, milango na, kwa kuwa hakujua kukataa, majeneza ya nusu ya mtaa. Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mkunga mwenye ulimi mkali na moyo laini, wakajaliwa binti mwaka 1977 na mtoto wa kiume mwaka 1980.

Tarehe 3 Februari 1986 kanisa liliwatuma wote wanne ng'ambo kwa umisionari, marehemu akafundishe vijana useremala, wakafikia vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, vyenye bomba linalovuja na mlango usiofungika. Lugha ya huko alijifunza kwa kitabu, miezi mitatu, na sentensi ya kwanza aliyoikariri ilikuwa nimekuja kusaidia, ila lugha ile, kama yetu, hutenganisha kusaidia na kusaidiwa kwa kasauti kamoja tu, na marehemu, maskini ya Mungu, akakachomeka mahali pasipotakiwa. Akapita mlango kwa mlango, tai shingoni, akimweleza kila jirani kwa unyenyekevu mkubwa kwamba amekuja kusaidiwa.

Basi wakamsaidia. Fundi bomba wa ghorofa ya juu alishuka na spana siku ileile, fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara akaleta godoro, mkewe akamfundisha mama kuwasha jiko lililokuwa limetushinda, na wale vijana wa useremala wakamvutia mwalimu wao kiti, wakamshikia msumeno. Marehemu akaliandikia kanisa kwamba watu wa huku ni wakarimu kupita kiasi, amezunguka mtaa mzima na hajampata hata mmoja anayehitaji msaada wake. Wakampa jina la utani, ambalo kwa Kiswahili ni Msaidiwa, naye akaliitikia kwa fahari miaka ishirini na saba, akidhani wanamwita Msaidizi.

Binti alijua. Watoto huokota lugha mchezoni, na kufikia Septemba mwaka uleule, akiwa na miaka tisa, alilisikia kosa, akakimbia kumwambia mama yake, mama akacheka hadi akakaa sakafuni, kisha akasema, mwache baba yako, mwanangu, tangu tufike hapa haijapita siku bila mtu kutubishia hodi. Binti akanyamaza. Akanyamaza alipoolewa tarehe 11 Juni 2004, akanyamaza mama alipofariki tarehe 2 Oktoba 2010 na mtaa mzima ukajazana vyumbani kumsaidia Msaidiwa, na hapo ndipo roho ilipoanza kumsuta, maana alimwona baba akiwashukuru mmoja mmoja, na hakujua tena kama anamlinda au anamfanya mjinga.

Marehemu alistaafu na kurejea nyumbani Machi 2013. Tarehe 6 Agosti 2023 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya Kiswahili chote na kumwachia lugha ya ng'ambo peke yake, hata shangazi akapiga magoti, akidhani kaka yake ananena kwa lugha. Tarehe 19 hali ilibadilika, akalazwa, na alipofikishwa wodini alimshika muuguzi mkono, akatamka sentensi yake ileile, kosa lake lilelile. Muuguzi akamgeukia binti, akauliza, baba anasemaje? Jamani, binti angeweza kuirekebisha pale pale, na hakuna ambaye angejua, lakini alitafsiri kama ilivyo, anasema amekuja kusaidiwa, na muuguzi akajibu, karibu baba, basi umefika. Kwa mara ya kwanza sentensi ile haikuwa na kosa. Marehemu alimtazama binti yake, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, na binti hajui, hajui mpaka leo, kama alikosea kama kawaida yake au alijua miaka yote. Aliaga dunia tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani mliotupikia, maseremala wenzake mliochonga jeneza hili bila kuuliza vipimo, na fundi cherehani wa ng'ambo, aliyetuma ujumbe jana kuuliza kama kuna lolote ambalo Msaidiwa bado anahitaji. Binti amemjibu kwa lugha ile, akiangalia sana asikosee, kwamba hapana, ameshasaidiwa.

Pumzika, baba, kwa amani.