Nazi Zilizolia za Mzee Habakuki Shekalaghe

Majirani wa Mazingara, wenzetu mliotoka Korogwe na ndugu mlioteremka kutoka milimani, familia imenituma niwasomee maisha ya mzee wetu Habakuki Shekalaghe, na mkifika mahali pa kucheka chekeni, maana yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kujicheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1909 huko Bungu, kwa mama aliyeuza mayai sokoni, na kabla hajajua kusoma alikwishaijua barabara kazi ya kulitikisa yai sikioni, likinyamaza ni zima, likilia ni viza, linatupwa. Mwaka 1920 aliingia shule ya misheni, akafika darasa la nne, akatoka na mwandiko mzuri na kiburi kidogo cha kuuonyesha.

Tarehe 2 Februari 1931 aliajiriwa katika shamba moja la mkonge karibu na Kilole, na mwaka 1939, wenye shamba walipotaka kujua mbegu gani ya mnazi ingefaa kiwanda cha sabuni, alikabidhiwa bustani ya majaribio aliyokuwa akiimwagilia tangu aajiriwe, yenye minazi mirefu ya pwani, mifupi iliyoletwa kutoka Malaya, na chotara wa hiyo miwili, achague nazi bora za kila mbegu, zikaushwe ziwe mbata, zikamuliwe, mafuta yalinganishwe. Habakuki, ambaye huko kwao mnazi hauoti, alizichagua kama alivyofunzwa na mama yake, zilizolia akazitupa nyuma ya jiko la kambi, zilizonyamaza akazipeleka kwenye tanuri kwa heshima zote.

Matokeo yalikuwa aibu tupu. Mbata za mbegu zote zilitoka zimesinyaa, zinanyumbuka kama ngozi ya kiatu, mafuta hayakuonekana, ikatangazwa kwamba minazi itang'olewa ipandwe katani, naye Habakuki arudi kukata mkonge, jambo lililomuuma sana, kwani miti ile alikuwa ameimwagilia tangu miche.

Siku hizohizo wali wa kambi ulikuwa umeanza kusifiwa hadi Korogwe mjini, na Habakuki, mwenye huzuni lakini si ya kumnyima hamu ya chakula, alimwuliza mpishi, Serafina, binti aliyekulia minazini Muheza, tui zito namna ile analipata wapi.

"Kwenye nazi zako mbovu," Serafina akamjibu, kisha akamweleza, huku akijizuia kucheka, kwamba nazi hulia kwa sababu imekomaa, maji yamepungua na nyama imenona, na ile iliyonyamaza bado ni dafu.

Habakuki akasema, "Basi nimekausha madafu."

Alikwenda mwenyewe kwa meneja akaeleza yote, mayai na mama yake wakiwemo, na meneja, aliyetarajiwa kufoka, alicheka hadi akavua miwani, akaruhusu jaribio lirudiwe. Safari hii minazi mirefu iliongoza kwa mafuta, chotara wakaifuata kwa karibu na kuzaa mapema, mifupi ikaachiwa wanywaji wa madafu, na bustani ikapona.

Tarehe 20 Septemba 1941 alifunga ndoa na Serafina, na wakwe walimpa sinia lenye nazi moja na yai moja, wakamtaka, kwa utani, avitikise achague, ndipo jina la Mzee Mayai likamganda. Mungu aliwajalia Kaleb mwaka 1942, Yuditha 1945 na Yordani 1949, na mwaka 1947 walihamia hapa Mazingara, akapanda chotara hawa mnaowaona nyuma ya nyumba.

Kuanzia Agosti 1959 alisumbuliwa na moyo, akalazwa hospitali Korogwe, na tarehe 13 Machi 1960 akatutoka. Jioni ya kuamkia siku hiyo mkewe aliketi kando ya kitanda, amekaza uso, hataki mgonjwa aone machozi, naye mzee akakishika kichwa cha mkewe kwa mikono miwili, akakitikisa taratibu karibu na sikio lake mwenyewe. "Mama Kaleb, mbona hiki kimenyamaza?" alisema. "Kinacholia ndicho kizima." Mama alicheka, na ndani ya kicheko hicho akalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika na kuchota maji tangu juzi, na wafanyakazi wenzake waliombeba njia yote kutoka Korogwe. Mzee Mayai, pumzika kwa amani, sisi huku tunalia, tu wazima.