LaVonne Hovda na Mstari Alioutetea kwenye Fomu ya Kodi

Bibi yetu, LaVonne Arlys Hovda, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 katika shamba la wazazi wake, Orville na Gerda Tjaden, maili nne kaskazini mwa mji wa Norring, Iowa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kuvaa miwani.

Alihitimu shule ya Norring mwaka 1959, akasoma uhasibu kwa miezi tisa mjini Des Moines. Alisema alirudi kwa sababu jiji lilikuwa na kelele. Mama yangu anasema alirudi kwa sababu ya Delmar Hovda.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 16 Juni 1962. Babu Delmar alilima mahindi na alikuwa mzimamoto wa kujitolea kwa miaka thelathini. Koti lake la kuzimia moto alilirithi kwa mwenzake aliyestaafu, likiwa limeungua kwapani. Bibi alilishona mara tatu, na kila king'ora kilipolia alikaa dirishani akiliwaza lile kwapa.

Mwaka 1971 alifungua ofisi ya kujaza fomu za kodi nyuma ya duka la mbegu. Miaka mingi baadaye, fomu ya jimbo iliongezewa mstari wa kuchangia vikosi vya zimamoto vya kujitolea kutoka kwenye kodi ambayo mtu anarudishiwa. Bibi alifurahi kupita kiasi. Alimwandikia mteja wake, Bwana Verlyn Meinders, mchango wa dola sita bila kumuuliza, na Verlyn akagundua. Bibi alizilipa kutoka mkobani mwake, akaomba radhi mbele ya wateja. Tangu hapo hakumwandikia mtu tena. Aligeuza fomu, akatoa kalamu, akauliza.

"LaVonne, nimekuja kurudishiwa hela, si kutoa sadaka," Verlyn alimwambia mwaka uliofuata. "Sadaka natoa Jumapili."

"Sijasema utoe. Nimeuliza tu."

"Na nikikataa?"

"Andika sifuri. Ila iandike mwenyewe, usije ukanidai tena."

Duka zima lilicheka. Verlyn aliandika sifuri, akaitazama, kisha akaitangulizia moja, zikawa dola kumi.

Majaribu yalikuja mwaka 1998. Fomu ilikuwa na mifuko minne ya michango, na kwa sheria, miwili iliyopata kidogo zaidi ingefutwa. Mfuko wa zimamoto ulikuwa wa tatu. Bibi alijua watu hawakuwa wachoyo. Hawakuulizwa tu, kwa kuwa wajazaji wengi wa fomu za watu waliuruka mstari ule. Basi wakulima wa Norring walipomaliza fomu zao tarehe 1 Machi, siku ya mwisho kwa wakulima, alioka vipande vya keki ya limau, akaendesha gari hadi kwa wajazaji wa miji thelathini na mmoja.

"Mama, mstari huo haunilipi kitu," mmoja alimwambia, huku akitafuna.

"Ni sekunde sita. Nimezipima. Hiyo keki umeila kwa muda gani?"

Hesabu zilipotangazwa, mfuko ulikuwa wa pili, kwa tofauti ya dola 412. Haukufutwa. Miaka miwili baadaye Norring ilipata makoti kumi na moja mapya kutoka mfuko huo. Babu aliuliza kama la zamani litupwe. Bibi alilichoma mwenyewe uani, na kikosi kizima kikaja kusimamia.

Figo zake zilianza kudhoofika mwaka 2021. Akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu alimuuliza muuguzi, "Mwanangu, umeshajaza fomu ya jimbo?"

"Bado, bibi."

"Ukifika kwenye michango, usiruke."

Muuguzi aliandika neno "michango" kiganjani mwake.

Bibi alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2024, asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili. Wakulima walikuwa wamekwisha kuwasilisha fomu zao.

Mumewe Delmar alimtangulia mwaka 2009. Bibi ameacha watoto wawili, Renae na Curtis, wajukuu watano, kitukuu mmoja, dada yake Ardith, na wazimamoto kumi na wanne walioketi nyuma, wote wakiwa na makoti mazima. Familia haikuomba maua. Mstari bado upo kwenye fomu ya mwaka huu, na siku ya mwisho kwa wasio wakulima ni tarehe 30 Aprili.

Bwana ampe bibi yetu pumziko jema.