Ngumi ya Kiti cha Mbele

Emile hakupanda taksi ili asikilize ya watu, lakini wale dada wawili wa kiti cha mbele walikuwa wakimtaja kocha wake wa ngumi.

"Tajudin anatusimamisha mgongo ukutani, mkono ukose pa kurudi nyuma," alisema mmoja wao, muuza vitenge wa soko la Kikuubo. "Ndipo unajua nguvu inatoka kisiginoni."

"Kisigino gani!" alibisha mwenzake, Jannat. "Ni kusubiri. Kibaka akikujia, unamwacha akanyage mbele, ndipo unampa hiyo ngumi fupi."

Roho ilimuuma Emile. Tangu mwaka juzi kocha huyo huyo anamrukisha kamba tu, eti wakati wa ngumi fupi bado. Hawa wameipata Jumapili iliyopita! Akaegemeza kifua kwenye kiti chao, asikose neno.

"Banange, jamani, ni kisigino! Tazama." Muuza vitenge akageuka, akaweka ngumi shubiri moja kutoka mgongo wa kiti. Taksi ikafunga breki, Emile akasukumwa mbele juu ya kiti, ngumi ikatua kifuani mwake.

"Pole, ssebo! Imekufikia?"

"Wala," alijibu Emile kwa sauti ya mgonjwa.

"Umeona, Jannat? Kisigino."

"Umesubiri breki!"

Wakashuka Kisugu wakibishana. Emile naye alikuwa wa kushuka hapo, ila kusimama kulitaka pumzi.